Julius Nyerere na Bei ya Mahindi Ufipa

Mtahiniwa, jina la Julius Kambarage Nyerere umelisikia tangu shule ya msingi. Unamjua kama Baba wa Taifa na mwasisi wa siasa ya Ujamaa. Wasifu huu unamtazama kwa upande ambao watahiniwa wengi huusahau: kiongozi ambaye sera zake zilibadili hesabu za mkulima wa Sumbawanga. Ukiuelewa vizuri, utaweza kujibu swali lolote linalohusu uhusiano wa siasa, uwekezaji na hatari ya hasara.

Maisha yake kwa ufupi

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 kijijini Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora na Makerere. Baada ya kufundisha Tabora, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, mwaka 1949, akarudi na shahada mwaka 1952. Alikuwa mwalimu Pugu wakati TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, naye akawa rais wa chama hicho. Mwaka 1961 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru, na mwaka 1962 akawa Rais. Aling'atuka mwaka 1985, na alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Azimio la Arusha na wawekezaji

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Siku chache baadaye mabenki, viwanda kadhaa na makampuni makubwa ya biashara yalikuwa mikononi mwa umma. Serikali iliahidi fidia. Hata hivyo, mwenye mtaji binafsi sasa alikuwa na jambo jipya la kupima: mali yake ingeweza kutaifishwa. Hatari ya namna hii haitokani na mvua wala soko, bali na uamuzi wa serikali. Tangu hapo mwekezaji mkubwa nchini alikuwa dola yenyewe, kupitia mashirika ya umma.

Ufipa kabla ya bei moja

Uwanda wa juu wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Mvua zake ni za kutosha na mahindi hustawi. Tatizo lilikuwa umbali. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na kipande cha kwenda Tunduma kilikuwa barabara ya vumbi, matope wakati wa masika. Gharama ya lori ilimeza faida. Kwa hiyo mkulima alilima ulezi, maharage na mahindi ya kula, akauza kidogo. Usimwite mvivu. Kutumia fedha kwa zao lisilo na soko ni kujitafutia hasara.

Serikali yabeba gharama

Kati ya mwaka 1973 na 1975 nchi ilikumbwa na ukame na upungufu wa chakula, ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Mwaka 1974 Rukwa ikawa mkoa. Katika kipindi hicho serikali ya Nyerere iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mnunuzi rasmi alikuwa Shirika la Usagishaji la Taifa, lililojulikana kama NMC. Mbolea nayo ilipewa ruzuku.

Tazama mfano huu, wenye namba za kufikirika. Tuseme gunia linauzwa shilingi 100 Dar es Salaam, na kulisafirisha kutoka Sumbawanga ni shilingi 60. Katika soko huria mkulima wa Ufipa atapata shilingi 40. Chini ya bei moja ya shilingi 80, atapata 80 sawa na mkulima wa Morogoro, nalo shirika litaingia gharama ya 140 kwa gunia linalouzwa 100.

Umeona kilichotokea? Hasara ya umbali haikufutwa. Ilihama kutoka kwa mkulima kwenda kwa shirika la umma. Mkulima, akiijua bei mapema, alithubutu kununua mbolea na mbegu bora na kuongeza ekari. Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa minne mikuu ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma.

Mzigo wazidi nguvu

Deni la NMC katika Benki ya Taifa ya Biashara lilikua mwaka hadi mwaka. Wakati huohuo nchi ilipata mapigo mengine: bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vikaanza mwaka 1978. Malipo kwa wakulima yalichelewa. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, hivyo mkulima hakuwa na mnunuzi mwingine halali. Bei ilikuwa ya uhakika katika karatasi, lakini fedha hazikuwa za uhakika mkononi.

Baada ya Nyerere kung'atuka, serikali ya Ali Hassan Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua nafaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea iliondolewa hatua kwa hatua. Aliyelipwa taslimu na mfanyabiashara alifurahi. Aliyekaa mbali na barabara alijikuta tena akibeba gharama ya umbali peke yake, safari hii na mbolea ya bei ghali.

Tathmini

Usiandike sifa tupu wala lawama tupu. Mtahini anataka pande zote mbili. Sera ya Nyerere ilileta usawa kati ya mikoa, na ilimpa mkulima wa pembezoni sababu ya kuwekeza. Udhaifu wake ni kwamba haikuwa na chanzo cha kudumu cha fedha za kulipia usawa huo. Mkulima aliyepanga shamba lake kwa kuitegemea ahadi ya serikali aliumia ahadi hiyo ilipokosa fedha.

Suala hili bado lipo. Leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una kanda Sumbawanga, na lami imefika kutoka Tunduma. Lakini kiasi ambacho serikali itanunua, au uamuzi wa kuzuia mahindi kuvuka mpaka, bado huweza kubadili bei ya gunia.

Maswali ya kujipima

1. Taja njia mbili ambazo Azimio la Arusha liliathiri wawekezaji binafsi.
2. Kwa kutumia mfano wa namba zako mwenyewe, eleza jinsi bei moja ilivyohamisha hasara.
3. Kwa nini mkulima wa Ufipa alinufaika zaidi na bei moja kuliko mkulima wa karibu na Dar es Salaam?
4. Jadili: kuporomoka kwa NMC kulisababishwa na sera ya bei peke yake. Toa hoja tatu.