Sheikh Kaluta Amri Abedi: Malenga Aliyevaa Mkufu wa Umeya

Wahenga walinena kuwa avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Katika bahari ya fasihi ya Kiswahili ya karne ya ishirini, papa avumaye ni Shaaban Robert, na sifa hizo anazistahili. Hata hivyo, yupo mwenzake wa zama zizo hizo ambaye kila mwanafunzi wa ushairi humtaja, ila aghalabu humtaja kwa sentensi moja tu kuhusu vina na mizani, kisha akamwacha hapo. Wapenzi wa kandanda nao hulijua jina lake kwa sababu ya uwanja wa michezo wa mjini Arusha. Huyu ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi, mwanachuoni wa dini, meya na waziri. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kazi hizo zote zilitokana na imani moja: kwamba kanuni ikiwekwa wazi, katika lugha ya watu, humfungulia mlango aliyekuwa amefungiwa nje.

Amri Abedi alizaliwa mwaka 1924 huko Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa muda mrefu Ujiji ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora, na kwa njia hiyo hiyo Kiswahili na Uislamu viliingia bara. Ni muhimu kulizingatia jambo hili. Malenga huyu hakuzaliwa Lamu wala Mvita, ambako ushairi ulirithishwa nyumba kwa nyumba, bali maili mamia kadhaa kutoka baharini. Alisoma katika shule ya serikali ya Tabora, shule iliyowalea viongozi wengi wa Tanganyika, akiwamo Julius Nyerere.

Akiwa kijana alijiunga na jumuiya ya Ahmadiyya, akawa miongoni mwa wahubiri wake. Chini ya uongozi wa Sheikh Mubarak Ahmad, alishiriki katika kazi ya tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyochapishwa Nairobi mwaka 1953. Kabla ya hapo, tafsiri kamili iliyokuwapo ilikuwa ya mmisionari wa Kianglikana, Godfrey Dale, ya mwaka 1923. Tafsiri ya Ahmadiyya haikupokewa kwa mikono miwili na kila Mwislamu. Wanavyuoni wa Kisunni waliipinga vikali, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatoa tafsiri yake kamili mwaka 1969, akiikosoa ile ya mwanzo. Hata hivyo, ubishi huo wenyewe ulikuwa faida kwa Kiswahili, kwani mambo mazito ya itikadi yalijadiliwa kwa lugha ambayo msomaji wa kawaida aliielewa. Katikati ya miaka ya 1950 Amri Abedi alikwenda kuongeza elimu yake ya dini huko Rabwah, Pakistan.

Kazi iliyompa jina katika madarasa yetu ilitoka mwaka 1954. Ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, iliyochapishwa na Eagle Press. Kabla ya kitabu hicho, aliyetaka kuujua utunzi alilazimika kuketi miguuni pa malenga. Kanuni zilikuwapo, lakini zilikaa vichwani mwa mafundi. Amri Abedi alizikusanya akazieleza moja baada ya nyingine: vina, mizani, beti, kituo na mengineyo, akasisitiza kwamba shairi ni wimbo na kwamba lisiloimbika lina kasoro. Kisha akaambatanisha diwani yake mwenyewe, ili mwanafunzi aione sheria ikitenda kazi. Mwana wa Ujiji, Tabora au Kisumu, asiye na babu malenga, sasa aliweza kujifunza ufundi huo kutoka kitabuni.

Tukiwa na picha hiyo akilini, tutauelewa vyema mwaka 1960, Amri Abedi alipokuwa Mwafrika wa kwanza kushika kiti cha meya wa Dar es Salaam. Manispaa hiyo ilikuwa imeundwa mwaka 1949. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu humo watu zaidi ya 128,000, wengi wao wakiwa Waafrika. Hata hivyo, mji wenyewe ulikuwa umegawanywa tangu enzi ya Wajerumani kwa kanuni za ujenzi zilizotenga maeneo kwa daraja za nyumba, na kwa kweli kwa rangi za watu. Wazungu walikaa kandokando ya bahari, Wahindi katikati ya mji penye maduka, na Waafrika wakasukumwa Kariakoo na vitongoji vya nyuma yake. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi, ukawa kama mpaka.

Ni kweli kwamba umeya wa mfumo wa Kiingereza ulikuwa cheo cha heshima zaidi kuliko cha utendaji. Shughuli za kila siku zilikuwa mikononi mwa karani wa mji na wakuu wa idara. Lakini heshima nayo ni jambo zito pale ambapo wengi wamenyimwa. Aliyeuvaa mkufu wa umeya ndiye aliyeongoza vikao vya baraza na kuupokea ugeni kwa niaba ya mji mzima. Kwa mara ya kwanza aliyefanya hivyo alikuwa mmoja wa wale waliohesabiwa kuwa wakazi wa nyuma ya Mnazi Mmoja, tena mtu wa bara, wa jumuiya ndogo ya kidini katika mji wenye Waislamu wengi wa Kisunni.

Baada ya uhuru, Amri Abedi alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Magharibi, kisha mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Huo ulikuwa mwaka wa mageuzi makubwa. Mamlaka ya machifu yalifutwa, na sheria iliyounganisha mahakama za wenyeji na zile za kikoloni katika mfumo mmoja ikapitishwa. Katika mahakama za mwanzo mwananchi angesikilizwa kwa Kiswahili. Lakini lugha ya sheria ilikuwa Kiingereza, na istilahi nyingi hazikuwa na visawe. Waziri huyu malenga akahimiza kazi ya kukusanya na kusanifu maneno ya kisheria, na juhudi za namna hiyo zikazaa kamusi ya maneno ya sheria iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1968. Mshtakiwa asiyeelewa neno linalomhukumu hana tofauti kubwa na kijana aliyefichwa kanuni za mizani.

Hakuyaona matunda hayo. Mwaka 1964 alikuwa Waziri wa Maendeleo na Utamaduni wa Taifa, lakini mwezi Oktoba mwaka huo huo alifariki dunia huko Ujerumani Magharibi, akiwa na umri wa miaka 40 tu.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, na mgogoro wa ushairi huru ukapamba moto. Wanamapokeo walikishika kitabu cha Amri Abedi kama ngao, nao wanamabadiliko wakakiona kama pingu. Lawama ya hao wa pili ina uzito: anayeliita shairi lisiloimbika kuwa lenye kasoro amekwisha kuwafungia mlango wengine. Lakini tukimsoma pamoja na maisha yake, tunaona kwamba alipokiandika kitabu chake, nia ilikuwa kuwaingiza ndani waliokuwa nje. Hata aliyekuja kuzivunja sheria hizo alihitaji kwanza mtu wa kuziandika. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mmoja wa waundaji hao alikuwa mwana wa Ujiji.