Benjamin Franklin na Miali ya Jua

Ukisimama uwanjani saa saba mchana huko Ihumwa, karibu na mji wa Dodoma, mwezi wa Novemba, utahisi jua likikuchoma utosi. Mvua bado haijanyesha. Chini ya mbuyu, hata hivyo, utapata nafuu. Je, dunia nzima yaweza kutiwa kivulini? Soma habari za mtu aliyelichunguza jua zamani.

Benjamin Franklin alizaliwa mwaka 1706 katika mji wa Boston, Marekani. Baba yake, mtengeneza mishumaa, alikuwa na watoto 17. Kwa hiyo Benjamin alisoma shuleni miaka miwili tu, na alipotimiza miaka 12 alianza kujifunza uchapaji kwa kaka yake. Huko alijielimisha kwa kusoma vitabu. Wengi humjua kwa uchunguzi wake wa radi. Sisi tutazame jaribio lake jingine, lisilo na gharama.

Siku moja yenye jua alitandaza vipande vya nguo vya rangi mbalimbali juu ya theluji. Baada ya saa chache kipande cheusi kilikuwa kimezama sana, kwa sababu kilipata joto jingi na kuiyeyusha theluji iliyokuwa chini yake. Cheupe hakikuzama hata kidogo. Rangi nyeusi hufyonza miali ya jua, nyeupe huirudisha. Ihumwa hakuna theluji, lakini wewe waweza kutumia makopo mawili ya maji, moja ukilipaka masizi na jingine chokaa. Yaanike juani, kisha uyaguse maji.

Mwaka 1783 Franklin alikuwa Ufaransa. Mwezi wa Juni volkano iitwayo Laki (jina hili halihusiani na laki ya hesabu) ililipuka huko Iceland, ikatoa gesi nyingi ya salfa kwa muda wa miezi minane. Ukungu mkavu ukafunika Ulaya. Franklin aliikusanya miali ya jua kwa lenzi, akaona kwamba iliweza kwa shida tu kuwasha karatasi. Majira ya baridi yaliyofuata yakawa makali mno. Franklin alidhani kwamba huenda moshi wa volkano ndio uliolizuia joto la jua. Alifariki mwaka 1790.

Jambo moja hakulijua. Mafuriko ya mto Nile yalikuwa haba mwaka ule wa 1783, na njaa ikaingia Misri. Wanasayansi wa siku hizi wamekokotoa na kuona kwamba ubaridi wa kaskazini ulidhoofisha mvua za Afrika.

Leo dunia inapata joto kwa sababu ya gesi zitokanazo na kuchoma makaa ya mawe na mafuta. Mwaka 1991 volkano ya Pinatubo, nchini Ufilipino, iliipoza dunia kwa kiasi cha nusu digrii. Basi wako wataalamu wanaofikiri kwamba ndege zingeweza kumwaga salfa juu sana angani ili kurudisha sehemu ya miali ya jua. Lakini mkulima wa mtama wa Ihumwa ana msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua hiyo ikipungua, atavuna nini?

Mwezi wa Februari 2024 mataifa yalilijadili jambo hilo mjini Nairobi. Nchi za Afrika zilitaka njia hiyo isitumiwe. Mataifa hayakuafikiana, na pendekezo la kuunda jopo la wataalamu wa kulichunguza likaondolewa.