Fritz Haber, mtu aliyetengeneza mbolea kwa hewa

Mkulima wa Nyegina anaponunua urea kwa ajili ya mahindi yake, kitu anachokilipia hasa ni naitrojeni, ambayo ni asilimia 46 ya mbolea hiyo. Gesi hiyo imejaa pia hewani, kiasi cha asilimia 78, lakini mahindi hayawezi kuichukua huko. Leo tunayaangalia maisha ya mwanakemia aliyepata njia ya kuitoa hewani.

Fritz Haber alizaliwa tarehe 9 Desemba 1868 katika familia ya Kiyahudi mjini Breslau, Ujerumani, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Alifundisha mjini Karlsruhe, na mwaka 1898 alichapisha kitabu cha kemia ya umeme.

Atomi mbili za naitrojeni hewani zimeshikana kwa nguvu sana. Haber aliichanganya gesi hiyo na haidrojeni kwenye joto kali na mgandamizo mkubwa, akatumia metali ya osmiamu kuharakisha kazi. Mwaka 1909 amonia ilianza kudondoka. Baadaye Carl Bosch wa kampuni ya BASF aliikuza kazi hiyo kwa kutumia chuma, ambacho ni rahisi kupatikana, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza uzalishaji.

Mwaka uliofuata vita vilianza, vikafika hata huku kwetu, kwa kuwa Musoma ilikuwa chini ya Wajerumani. Waingereza walizuia shehena za naitreti kutoka Chile, na amonia ya viwandani ikawasaidia Wajerumani kutengeneza baruti. Aprili 1915 Haber mwenyewe alisimamia shambulio la gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji. Siku chache baadaye mkewe Clara Immerwahr, naye mwanakemia, alijiua.

Haber alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918, na wengi walilalamika. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933 na kuagiza Wayahudi wafukuzwe kazini, alijiuzulu na kuihama nchi aliyoitumikia. Alifariki mjini Basel, Uswisi, tarehe 29 Januari 1934.

Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya watu duniani hula chakula kinachotegemea mbolea ya njia hiyo. Lakini viwanda vingi hutumia gesi asilia, hivyo gesi ikipanda bei, mbolea nayo hupanda. Tuliliona hilo mwaka 2022, hadi serikali ikaanza kutoa ruzuku.

Ndiyo maana watafiti wamerudi kwenye kemia ya umeme. Wanatumia molekuli zenye atomi ya metali katikati, kama chuma au kobalti, kupitisha umeme kwenye naitreti, ikiwemo ile inayochafua maji, ili igeuke amonia bila joto kali. Kazi hiyo bado iko zaidi maabara. Ikifanikiwa, mbolea itaweza kutengenezwa karibu na shamba, kwa umeme wa jua.