Colbert: Waziri wa Manowari na Mwanga wa Msituni

Askari wengi walisikiao jina la Jean-Baptiste Colbert humjua kuwa ndiye mjenzi wa jeshi la wanamaji la Ufaransa. Sisi leo twamtazama msituni, kwani huko amri yake ilidumu kuliko manowari zake.

Alizaliwa mjini Reims mwaka 1619, katika ukoo wa wafanyabiashara. Alimtunzia mali Kadinali Mazarin, na Kadinali alipofariki mwaka 1661, Mfalme Louis wa 14 alimchukua awe mtumishi wake. Manowari za Ufaransa wakati huo zilikuwa kama ishirini tu. Manowari hujengwa kwa mialoni iliyokomaa, na mwaloni haukomai kabla ya miaka mia. Lakini misitu ya mfalme ilikuwa ikiibwa, mara nyingi na maofisa wale wale waliopewa kuilinda. Mwaka huo huo Colbert alisimamisha uuzaji wa miti ya mfalme, akatuma wakaguzi. Agosti 1669 ikatoka sheria kuu ya maji na misitu.

Sheria hiyo iligusa misitu ya tambarare, ambayo miti yake hupukutisha majani wakati wa baridi. Wakulima walikuwa na desturi ya kale ya kukata miti karibu na ardhi, visiki vikachipua fito za kuni na makaa. Colbert aliiwekea desturi hiyo nidhamu: fito zisikatwe kabla ya miaka kumi, katika kila nusu hekta hivi iachwe miti 16 ikue, na mbuzi na kondoo wasiingie kabisa katika misitu ya mfalme.

Yeye alitafuta mbao, wala hakuwaza maua. Hata hivyo, kila sehemu iliyokatwa ilipata jua kwa miaka michache, na mimea ipendayo mwanga, kama vile zambarau za porini na baadhi ya okidi, ikachanua. Kivuli kiliporudi, sehemu ya jirani ilikuwa tayari imefunguliwa, mfano wa zamu za lindo.

Hatumpambi. Makasia ya merikebu zake yalivutwa na wafungwa na watumwa, na sheria ya watumwa iliyotangazwa mwaka 1685 ilianza kuandaliwa naye. Alipofariki Septemba 1683, wananchi walimchukia kwa ajili ya kodi hata akazikwa usiku chini ya ulinzi wa askari.

Sheria yake ilifutwa mwaka 1827. Makaa ya mawe yakachukua nafasi ya kuni, nao wataalamu wakapendelea misitu mirefu. Visiki vikaachwa, matawi yakafungana, giza likatanda. Hapo ndipo mlinzi mwema aweza kupotoka: msitu usioguswa huonekana salama, kumbe mimea yake adimu yanyong'onyea. Okidi nyekundu, kwa mfano, huweza kuishi kivulini miaka mingi pasipo kutoa ua, na isipochanua haizai mbegu.

Kwa sababu hiyo, wahifadhi katika nchi kadhaa za Ulaya wamerudia shoka. Hukata sehemu ndogo kwa zamu, huacha miti mikubwa michache, na huzungushia ua ili paa wasile machipukizi. Mbegu za zambarau zilizolala ardhini miaka mingi huota mara jua lifikapo. Okidi hukawia zaidi, na mahali zilipokwisha kutoweka kabisa, shoka peke yake haizirudishi.