Bill Wilson, Mtu Aliyemtafuta Mlevi Mwenzake kwa Simu

Jumamosi ya tarehe 11 Mei 1935, kwenye ukumbi wa hoteli ya Mayflower katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, alisimama mwanamume wa miaka 39 mwenye kama dola kumi mfukoni. Dili lililomleta pale lilikuwa limebuma. Upande mmoja kulikuwa na baa imechangamka. Upande wa pili kulikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Jamaa alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Jina lake Bill Wilson, na nimeamua kuandika habari zake kwa sababu kila bumu likitoka hapa chuoni nasikia watu wakisema mlevi ni mtu asiye na msimamo, basi.

Msimamo Bill alikuwa nao. Alizaliwa 1895 East Dorset, kijiji cha Vermont. Wazazi wake walipoachana, alilelewa na babu na bibi mzaa mama. Alikuwa na haya mbele za watu, mpaka alipokuwa ofisa kijana jeshini wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia akagundua kwamba glasi moja inaondoa haya zote. (Wangapi wetu walianzia hapohapo, wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza?) Mwaka 1918 akamwoa Lois Burnham. Baada ya vita akaenda Wall Street kwenye biashara ya hisa, pesa zikaingia, na pombe nayo ikaongezeka. Alisoma sheria pia, hakuhitimu. Soko la hisa lilipoanguka 1929 akaanguka nalo, wakaishia kukaa nyumbani kwa baba mkwe huko Brooklyn, Lois akifanya kazi dukani ili wale.

Sasa hapa ndipo hoja ya msimamo inanishinda kuielewa. Bill alimwandikia mkewe ahadi za kuacha kwenye Biblia ya familia. Akavunja. Akaandika tena. Mtu asiyetaka kuacha hahangaiki hivyo. Katika hospitali ya Towns, New York, alikolazwa zaidi ya mara moja, daktari William Silkworth alimweleza kwamba huu ni ugonjwa, si tabia mbaya tu. Kisha rafiki yake wa zamani, Ebby Thacher, naye mlevi aliyejulikana, akaja kumtembelea akiwa mkavu kabisa, akakataa hata glasi aliyokaribishwa. Bill alikunywa mara ya mwisho Desemba 1934.

Akaanza kuzunguka New York akiwahubiria walevi. Hakuna hata mmoja aliyeacha, lakini yeye mwenyewe akabaki hajanywa.

Kumbe alijifunza kitu. Pale Mayflower hakupiga simu kutafuta mhubiri wala daktari. Alimpigia mchungaji mmoja, akapewa majina ya watu, akapiga moja baada ya jingine, akiomba kitu cha ajabu: akutanishwe na mlevi. Si ili amwokoe, bali ili yeye asiingie baa. Hatimaye mama mmoja, Henrietta Seiberling, akasema anaye mtu. Alikuwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye siku hiyo hakuweza kuja kwa sababu alikuwa amelala chakari. Kesho yake, Siku ya Mama, akaja na sharti la dakika kumi na tano. Walizungumza zaidi ya saa sita. Bill hakumpa mawaidha, alimsimulia tu yaliyompata yeye.

Bob aliteleza mara moja tena, akaacha Juni 10, 1935, na tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous. Kitabu chao chenye hatua kumi na mbili kilitoka 1939. Leo vikundi vyake vipo nchi nyingi, hata Nairobi na Dar es Salaam. Hakuna kiingilio. Unataja jina la kwanza tu, na sharti ni moja: uwe unataka kuacha. Hutaki kusema, kaa usikilize. Lois naye, aliyeona mateso ya wake wa walevi, mwaka 1951 alisaidia kuanzisha Al-Anon kwa ajili ya familia. Kuna mwenzetu wa kozi hakurudi muhula huu, na ushauri aliopewa na kila mtu ulikuwa neno moja: jikaze. Mimi nasomea ualimu, nitakutana na wanafunzi na walimu wa namna hiyo, na hilo neno silitaki.

Bill hakuwa malaika. Alipitia miaka mingi ya sonona, na sigara zilimshinda mpaka zikaharibu mapafu yake. Wauguzi waliomhudumia mwishoni waliandika kwamba aliomba wiski, baada ya miaka 36 bila kuonja. Hakupewa. Alifariki Miami tarehe 24 Januari 1971, siku ambayo yeye na Lois walikuwa wakitimiza miaka 53 ya ndoa. Alizikwa East Dorset. Kaburi lake limeandikwa habari za utumishi wake jeshini, halitaji chama alichoanzisha, ila wageni huacha juu yake vile visarafu vinavyotolewa mikutanoni kwa kila kipindi ambacho mtu amekaa bila kunywa.