Mchunga Mbuzi wa Butiama

Katika nchi ya Mara, upande wa mashariki wa barabara itokayo Musoma kwenda Bunda, pana vilima vyenye mawe makubwa, na katika vilima hivyo upo mji wa Butiama. Hiyo ni nchi ya Wazanaki, kabila dogo la wakulima na wafugaji, ambao zamani waligawanyika katika sehemu nane, kila sehemu na mtemi wake. Tangu mwaka 1915 mtemi wa Butiama alikuwa Nyerere, mwana wa Burito. Nyerere maana yake ni viwavi. Alipewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi na kula mazao.

Mtemi huyo alikuwa na wake 22, na nyumba za wake zake zililizunguka zizi la ng'ombe. Mke wake wa tano aliitwa Mgaya wa Nyang'ombe. Tarehe 13 Aprili 1922 Mgaya alijifungua mtoto mwanamume. Mvua ilikuwa ikinyesha, basi mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu ambao Wazanaki waliuhesabu kuwa ndio uletao mvua.

Pengine msomaji atadhani ya kuwa mwana wa mtemi alikula vya kunona na kutumikiwa kila siku. Haikuwa hivyo. Mahali penye wake 22 kila mama aliwalisha watoto wake kwa jembe lake mwenyewe. Mgaya alizaa watoto wanane, na wawili kati yao wakafa wangali wachanga. Fedha ilikuwa kitu adimu. Kilichokuwapo kilikuwa ardhi, mifugo na nguvu za mikono. Kambarage alikwenda shambani pamoja na mama yake, wakalima mtama, mahindi na mihogo. Alipopata nguvu kidogo akachunga mbuzi na ng'ombe pamoja na wavulana wenzake.

Kazi ya kuchunga mbuzi hudharauliwa na wale wasiowahi kuifanya. Mchunga mbuzi hana daftari wala kalamu, lakini jioni anapolifikia zizi lazima ajue kama wametimia. Humjua kila mmoja kwa rangi yake, kwa pembe zake na kwa tabia yake. Hujua ni yupi mwenye mazoea ya kutoroka kwenda shamba la jirani, na ni yupi anayekaribia kuzaa. Akilala usingizi mchana, jioni nyumba nzima itajua. Kwa hiyo mtoto wa namna hii huzoea mapema kuangalia, kukumbuka na kutoa hesabu ya alichokabidhiwa, hata kama hajaona ubao wala chaki.

Tena palikuwa na mchezo wa bao. Wazee walikaa kivulini wakacheza, na Kambarage alipenda kukaa karibu nao. Mchezo huo unataka mtu ahesabu kete kabla hajaziondoa, aone mbele mikono miwili au mitatu, na afiche nia yake. Miongoni mwa wazee waliokuwa wakija Butiama alikuwa Mtemi Ihunyo wa Busegwe, rafiki ya baba yake. Yasimuliwa kwamba Ihunyo alicheza na yule kijana, akastaajabia akili yake, akamshauri Mtemi Nyerere kwamba mtoto kama huyu asiachwe hivi hivi, apelekwe shule.

Ushauri huo si mwepesi kama unavyosikika. Kumtoa nyumbani mtoto wa miaka 12 ni kupunguza mkono mmoja shambani na jicho moja malishoni. Mbuzi hawangoji mtoto ahitimu. Itambidi mtoto mwingine awachunge. Wazazi wengi wa zamani hizo walilipima jambo hili wakaona hasara tu, wala si haki kuwaita wajinga, maana njaa ilikuwa karibu na shule ilikuwa mbali. Serikali ya Waingereza ilitaka wana wa watemi wasome, na hiyo ilisaidia. Hata hivyo watoto wengi wa rika la Kambarage pale Butiama hawakupata nafasi hiyo. Huenda palikuwa na wengine waliojua kete vizuri kama yeye, lakini hakupita mzee wa kuwaona.

Basi Februari 1934 Kambarage aliingia shule ya serikali ya wenyeji pale Mwisenge, Musoma, kando ya ziwa. Kutoka Butiama ni zaidi ya maili 20, kwa hiyo ilimbidi akae kule kule shuleni. Shida ya kwanza ilikuwa lugha. Nyumbani walisema Kizanaki, na shuleni masomo yalikuwa kwa Kiswahili, naye hakukijua. Mtoto mwingine angalikata tamaa. Yeye alijifunza lugha na masomo kwa pamoja, na baada ya miezi sita matokeo ya mtihani wake yalikuwa mazuri hata akarushwa darasa. Wenzake walipokwenda kucheza, yeye mara nyingi alibaki bwenini akisoma. Hapo labda alizidisha, maana mwili wa mtoto nao hutaka mchezo. Lakini mtu aliyechelewa kuanza mpaka miaka 12 alikuwa na deni la kulipa.

Akiwa Mwisenge alipenda pia kusikia mafundisho ya dini, akawa akitembea kwa miguu na mwenzake Mang'ombe Marwa mpaka misheni ya Nyegina. Mwaka 1936 alifanya mtihani wake wa mwisho pale, akawa wa kwanza kuliko wanafunzi wote wa Jimbo la Ziwa na Jimbo la Magharibi.

Mwaka 1937 akaenda shule ya serikali ya Tabora, iliyokuwa kubwa kuliko nyingi katika Tanganyika ya wakati ule. Huko alikuta maktaba, akaitumia kama mtu mwenye kiu akutavyo kisima. Kiingereza chake kikawa kizuri sana. Alisoma kitabu cha maskauti, wala hakukifunga akakirudisha kabatini tu: alisaidia kuanzisha kikosi cha maskauti pale shuleni. Alipenda pia mijadala. Kazi ya mikono na kazi ya kichwa hakuzitenga.

Machi 1942, akiwa katika mwaka wake wa mwisho, habari ilifika kwamba baba yake amefariki dunia. Kambarage akaomba ruhusa aende kumzika. Shule ikamnyima. Jambo hilo lilikuwa zito kwa mtoto yeyote, na zaidi kwa Mzanaki, ambaye kwake mwana kukosa mazishi ya babaye ni msiba juu ya msiba. Ndugu yake Wanzagi alishika utemi. Kambarage akaendelea na masomo, na mama yake akabaki Butiama na jembe lake. Desemba 1943 alibatizwa Nyegina, akapata jina la Julius.

Mwanzoni mwa mwaka huo wa 1943 alikuwa ameingia chuo cha Makerere, Uganda, kwa msaada wa fedha za masomo, ajifunze ualimu. Huko alitunga insha juu ya hali ya wanawake katika kabila lake, akitumia mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, na insha hiyo ikapata tuzo ya kwanza. Inafaa kuifikiria habari hii. Kijana aliyekuwa na maktaba nzima mbele yake, na mambo ya Ulaya na Asia ya kuandika, alichagua kuandika juu ya kazi na haki za wanawake kama wale aliolima nao utotoni.

Alipomaliza mwaka 1945 alipata nafasi mbili za kufundisha, moja katika shule ya serikali na moja katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria, zote Tabora. Ya serikali ilikuwa na malipo ya uzeeni. Yeye akachagua ya misheni. Akafundisha historia na elimu ya viumbe, na baada ya kazi akawafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini pasipo malipo. Wakati mmoja yeye na mwenzake walipewa kazi ya kukagua bei madukani. Walipoona taarifa zao juu ya wafanya biashara wadanganyifu hazisikilizwi, wakaiacha. Chama cha Waafrika pale Tabora, ambamo alikuwa katibu, kilifungua duka la ushirika la kuuza sukari, unga na sabuni, vitu vile ambavyo mama wa nyumba maskini huvihesabu senti kwa senti.

Mwaka 1949 alikwenda Uskochi, chuo kikuu cha Edinburgh, akapata shahada mwaka 1952. Oktoba mwaka huo akarudi. Kutoka Dar es Salaam alipanda gari moshi mpaka Mwanza, na kutoka Mwanza alisafiri kwa meli mpaka Musoma, kisha akafika kwao. Watu wa Butiama walimtazamia bwana mkubwa. Wakamwona anakanyaga udongo, anafyatua matofali na kupanga kuta za nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Nyumba hiyo aliijenga kwa ajili ya mchumba wake, Maria, aliyekuwa mwalimu kama yeye. Wakafunga ndoa katika misheni ya Musoma tarehe 24 Januari 1953. Wengine walishangaa sana kuona mtu mwenye shahada ya Ulaya ana matope mpaka magotini. Lakini alifanya nini cha ajabu? Hakuwa na fedha ya kumlipa fundi, nyumba ilihitajika, na mikono alikuwa nayo.

Mambo yaliyofuata yanajulikana kwa wengi, yatajwe kwa kifupi. Alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa naye akiwa rais wake. Mwaka 1955 akaacha ualimu kwa ajili ya siasa. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye akawa waziri mkuu, na mwaka uliofuata rais. Watu hawakuacha kumwita Mwalimu.

Alipokuwa mkuu wa nchi lile jambo la Ihunyo na mbuzi lilimrudia kwa namna nyingine, nalo sasa lilihusu watoto wa nchi nzima. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba katika watu wazima watatu, karibu wawili hawakujua kusoma. Mwaka huo huo, mwezi Machi, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alieleza humo kwamba katika watoto 100 wanaomaliza shule ya msingi ni kama 13 tu watakaopata nafasi ya sekondari. Basi hao wengine 87 wafundishwe nini? Wakifundishwa kudharau jembe, watarudi nyumbani na huzuni, na nyumba itakuwa imepoteza mkono bila kupata kitu. Kwa hiyo alitaka kila shule iwe na shamba lake au kazi yake, wanafunzi wapange pamoja, walime, wahesabu mapato, na wajue yametumikaje.

Shauri hilo lilikuwa jema, ila halikutimizwa vizuri kila mahali. Palikuwa na shule ambako shamba liligeuzwa kuwa adhabu ya wakorofi, na palikuwa na shule ambako watoto walilima pasipo kuambiwa mavuno yameuzwa kwa bei gani. Mtoto afanyaye kazi asiyoelezwa sababu yake hujifunza kuichukia, nyumbani kama shuleni. Mwalimu mwenyewe aliliona hilo, akalisema mara nyingi.

Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa. Novemba 1974 viongozi wa TANU walikutana Musoma, katika mji ule ule alikokwenda kusoma miaka 40 nyuma, wakaazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Fedha haikutosha. Watu walijenga madarasa kwa nguvu zao, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu upesi huku wakifundisha. Vitabu na madawati vilikuwa haba, na watoto wengi walikaa chini. Wapo waliolaumu kwamba elimu ilipungua uzuri wake, na lawama hiyo haikuwa ya uongo. Lakini wasichana na wavulana wa nyumba zisizo na mtemi wala rafiki ya mtemi waliandikwa shule, na kufika mwaka 1986 watu wazima wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa wachache kuliko mmoja katika kumi.

Mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari yake, akarudi Butiama. Alilima, akasoma, akaandika. Katika maisha yake alikuwa amefasiri kwa Kiswahili michezo miwili ya Shakespeare, na katika uzee akatunga tenzi za habari za Biblia. Wageni waliomwendea kutoka nchi za mbali walipitia Musoma au Bunda, wakashika njia ya vilimani, na mara nyingine waliambiwa wangoje kidogo, kwa maana mzee alikuwa bado shambani. Bao nalo hakuliacha.

Mwaka 1999 aliugua, akafa katika hospitali mjini London tarehe 14 Oktoba. Mwili wake ukarudishwa nyumbani, na tarehe 23 Oktoba ukazikwa Mwitongo, pale Butiama, karibu na makaburi ya Mtemi Nyerere Burito na Mgaya wa Nyang'ombe.