Josef Albers, Mwalimu wa Vifaa

Ndugu zangu tuliopitia shule hii, nimeona vyema niwaeleze maisha ya mwalimu mmoja, kwani kazi yangu Serikalini hunikutanisha mara kwa mara na michoro ya majengo iliyochorwa na vijana ambao hawajapata kukanda udongo wala kuchanganya saruji.

Josef Albers alizaliwa mwaka 1888 huko Bottrop, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi rangi. Albers alifundisha shule ya msingi, kisha mwaka 1920, akiwa na miaka 32, akaingia chuo cha Bauhaus mjini Weimar. Kwa kukosa fedha za kununulia vifaa, aliokota vioo vilivyovunjika jalalani, akavitengenezea picha.

Mwaka 1923 alikabidhiwa wanafunzi wapya. Aliwagawia magazeti, akawataka watengeneze kitu bila kuharibu karatasi. Wengi walitengeneza ngome na merikebu. Kijana mmoja msanifu wa majengo alikunja tu karatasi yake ikasimama wima. Albers alimsifu huyo, maana karatasi laini ilikuwa imepata nguvu kwa mkunjo peke yake.

Bauhaus ilipofungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi, alihamia Marekani, akafundisha Black Mountain College na baadaye Yale. Alifariki mwaka 1976.

Somo lake latufaa. Tofali, mbao na bati, kila kimoja kina tabia yake, na kalamu peke yake haiwezi kuifundisha. Vyuo vyetu viwape vijana udongo kwanza, karatasi ya kuchorea ifuate.